Mwanangwa Nkwabi na Bakuli la Mjini

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni hii. Wa Shinyanga, wa Kahama, wa Geita, na nyie wa Ushirombo mliotoka kuzika wiki hii, poleni. Leo hatufungui kwa muziki. Familia imeomba iwe hivyo.

Tunamkumbuka Mzee Nkwabi, baba yake Coletha, aliyekuwa mwanangwa wa Ihale. Kwa vijana wasiojua, mwanangwa alikuwa mkuu wa kijiji chini ya mtemi. Yeye ndiye aliyegawa mashamba. Yeye ndiye aliyesema hapa palimwe, hapa pasiguswe. Ametutoka akiwa mzee sana, akili timamu, meno machache. Na tangu aliporudi kutoka kuutembelea mji wa Dar es Salaam, akiwa bado kijana, hakukalia kiti tena mpaka anakufa. Narudia, wasikilizaji: hakukalia kiti tena. Harusini alikaa chini. Kwenye mikutano alikaa chini. Watoto wakamcheka, wakasema babu ana vituko. Havikuwa vituko.

Turudi miaka ya thelathini. Dhahabu imeonekana upande wa Geita. Wazungu wanapita na nyundo, wanagonga mawe, wanayatia mate, wanayageuza juani, wanaondoka. Pale Ihale pana kilima. Juu ya kilima hicho walilala wanangwa wote waliomtangulia Nkwabi, na baba yake alikuwa huko. Makaburi hayakuwa na msalaba wala saruji. Yalikuwa mawe ya mtoni yaliyopangwa, basi. Mgeni angepita akaona mawe. Mwenyeji alipita akasalimia.

Mzungu mmoja mtafuta dhahabu akakiomba kilima. Nkwabi akakataa. Akaomba tena. Nkwabi akakataa tena.

"Kule yuko baba yangu," alimwambia. "Na mimi nitakwenda kulala kule kule, pembeni yake."

Lishikeni neno hilo, wasikilizaji. Alitaka kulala pembeni ya baba yake. Hakuwa na haja nyingine kubwa duniani.

Haukupita muda, boma, yaani ofisi ya serikali ya Mwingereza, likamwita. Safari hii hapakuwa na ukali. Bwana wa boma alitabasamu, akampa mkono. Wanangwa wachache wamechaguliwa, akasema, waende kuuona mji mkuu na maendeleo yake. Wakati ule mji mkuu ulikuwa Dar es Salaam. Watapanda treni pale Shinyanga, watalishwa, watalazwa, watarudishwa. Nani angekataa? Hata mimi nisingekataa.

Sasa sikilizeni desturi ya Ihale, maana hapo ndipo tulipoumia. Mwanangwa alikuwa na kigoda chake cha miguu mitatu. Akisafiri, alikipindua uani kwake, miguu juu. Kigoda kikilala namna hiyo, ardhi nayo imelala. Hakuna kugawa, hakuna kuchimba, mpaka mwenyewe arudi. Akifia safarini, mrithi wake alikuja mbele ya watu, akakisimamisha, akakikalia. Asipoondolewa na mtu, basi neno la ardhi ni lake. Ndivyo walivyorithishana, bila vita na bila kelele.

Nkwabi akamweleza bwana wa boma desturi hiyo, yote, mwanzo mpaka mwisho. Mkalimani akaitafsiri, yote. Bwana akaitikia kwa kichwa. "Bwana amesikia," akasema mkalimani. Nkwabi akarudi nyumbani akakipindua kigoda, akafunga mzigo wake, akaondoka na moyo mweupe.

Msafara wao uliongozwa na Zamoyoni bin Salehe, mfanyabiashara wa Kagongwa. Baba yake alitoka pwani, mama yake Unyamwezi, na mdomo wake ulikuwa wa kote kuwili. Dar es Salaam aliijua kama ua wa nyumba yake. Marehemu Zamoyoni alipenda kusimulia kwamba Nkwabi alikaa dirishani tangu Shinyanga, moshi wa treni ukamgeuza masizi, na bado akakataa kuondoka.

"Hamia huku ndani, mwanangwa, utafika mjini wakudhani mchoma mkaa!"

"Niache. Wewe umeona. Mimi ndiyo kwanza naona."

Na aliona, wasikilizaji. Aliona bandari na meli zenye madirisha mengi kuliko nyumba zote za Ihale. Aliona jumba la mawe ya matumbawe lililobaki tangu enzi za Sultani, kuta nene, mlango wa mbao uliochongwa maua, na juu ya mlango ule ule taa ya umeme inawaka mchana, imesahauliwa. Akaucheka mlango na taa yake. "Bibi na mjukuu," alisema. Aliona kanisa la Wajerumani lenye vigae vyekundu, na karibu yake gari la mzungu limeharibika, linasukumwa na watu. Alipita Uhindini akaonja barafu, akaitema akidhani imemuunguza. Zamoyoni alicheka mpaka akakaa chini barabarani.

Kisha wakafika kwenye sanamu ya askari, ile ya shaba iliyoinamia bunduki yake. Ilikuwa asubuhi. Nkwabi akasimama, akaamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka!" Akangoja.

"Huyo haitikii, mwanangwa," akasema Zamoyoni. "Hata ukimpigia magoti."

"Amefanya nini mpaka akasimamishwa hapa?"

"Ni ukumbusho wa waliopigana vita ya Mjerumani."

"Kaka yangu alibeba mizigo vita ile. Hakurudi. Yeye yuko wapi?"

"Wapagazi wametajwa pale chini, kwenye maandishi."

Nkwabi akainama kuyatazama maandishi asiyoweza kuyasoma. "Chini," akasema. "Hata huku mjini, chini."

Siku nyingine wakapakiwa kwenye lori mpaka Kunduchi, kaskazini ya mji, kuona makaburi ya kale. Hapo ndipo alipobadilika. Alikuta nguzo za mawe zimesimama juu ya makaburi, na ndani ya nguzo yamepachikwa mabakuli ya kauri, meupe yenye maua ya buluu. Mengine yalikuwa mazima, mengine vipande. Mzee wa pale alikuwa akifagia majani. Nkwabi akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba.

"Baba, hawa walikufa lini?"

"Zamani, mwanangu. Hata babu wa babu yangu aliwakuta wamelala."

"Na hakuna anayewachimba?"

Mzee akaegemea fagio. "Awachimbe nani? Hawa wana wenyewe. Na Wazungu nao wanakuja hapa kutazama, wanavua kofia. Ukiona bakuli, unajua pana mtu."

Ukiona bakuli, unajua pana mtu. Zamoyoni alisema Nkwabi alilirudia neno hilo njia nzima, lori linaruka na mashimo, yeye anarudia. Na waliporudi mjini akaingia dukani Uhindini, akapita nguo, akapita viberiti, akachagua bakuli moja jeupe lenye maua ya buluu.

"La uji?" Zamoyoni akamtania. "Mkeo atakupikia uji wa kibwana!"

"La baba," akasema Nkwabi. "Nitalipachika kwenye kaburi lake. Kama Wazungu wanavua kofia kwa bakuli, basi waone bakuli."

Wasikilizaji wapendwa, hapa huwa nashindwa. Wakati Nkwabi anachagua bakuli, kilima kilikuwa kimeshaanza kuchimbwa.

Haya nayasema kama binti yake Coletha, tunayemwita Mama Coletha, alivyosimuliwa na mama yake mzazi, Nyamizi, mke wa mwanangwa. Coletha alikuwa mtoto wa mgongoni. Yule mzungu wa dhahabu alikuja uani na askari wawili wa boma, na mkalimani yule yule aliyetafsiri desturi. Jina la mkalimani huyo silijui. Ningelijua, ningelitaja hapa, wajukuu zake walisikie.

Nyamizi alikuwa anatwanga. Akaacha mchi, akasema, "Kigoda kimelala, bwana. Rudi kikiamka."

Mkalimani akamnong'oneza mzungu sikioni. Mzungu akacheka. Akainama, akakisimamisha kigoda kwa mkono mmoja, akakikalia, akawasha kiko.

Watu wakajaa uani. Hakuna aliyesogea. Nani amwondoe, na askari wamesimama na bunduki? Mkalimani akapaza sauti: "Desturi yenu ni ipi? Aliyekikalia bila kuondolewa, neno la ardhi ni la nani?"

Wote walijua jibu. Mzungu hakuhitaji kufyatua hata risasi moja, wasikilizaji. Alikuwa na desturi yetu mkononi. Akasema kilima kichimbwe, na vijana wa Ihale wakachukua majembe, kwa sababu tangu utotoni walifundishwa kumtii aliyekaa pale. Mbele yao alikuwa Maganga, mdogo wake Nkwabi, tumbo moja.

Nkwabi alirudi akitokea upande wa Ushirombo, mzigo kichwani, bakuli limefungwa kwenye shuka katikati ya nguo. Alikiona kilima kutoka mbali. Kilikuwa chekundu. Alipoingia uani alimkuta Nyamizi amekaa chini, mbele ya kigoda kilichosimama.

"Baba Coletha," akasema, "kilisimamishwa."

Hakuuliza na nani. Akapanda kilimani. Akamkuta Maganga ndani ya shimo.

"Shikamoo, kaka."

Hakuitikia marahaba. "Baba yuko wapi?"

Maganga akaanza kulia. "Kaka, kigoda kilisimama. Tungefanya nini? Tulipofika kwenye mifupa tukaacha majembe, wote. Mkalimani akasema, mwenye kigoda hajasema muache. Tukaendelea. Mifupa tuliificha, mzungu alitaka itupwe. Tuliizika wote pamoja, kule nyuma, chini ya kifusi."

"Nionyeshe baba."

"Kaka, wamechanganyika. Siwezi kukuonyesha baba."

Basi. Mtu amesimama na bakuli la baba yake, na hana pa kulipachika. Hakumpiga Maganga. Hakumlaani. Angemlaani kwa kosa gani? Alitii kile kile ambacho Nkwabi mwenyewe alimfundisha.

Boma likamwita aende kusimulia safari. Bwana wa boma akamuuliza, "Mji umeuonaje?"

Akajibu, "Nimeuona. Na nyie mmekiona kilima."

Akajivua uanangwa siku ile ile, na tangu hapo hakukalia kigoda wala kiti chochote. Wapo wanaosema boma halikujua, kwamba safari na uchimbaji vilikutana tu. Nimeambiwa hivyo na watu wenye shahada. Mimi sina shahada, nina kumbukumbu. Yule mkalimani alikaa kwenye vikao vyote viwili. Mnitafutie bahati ya namna hiyo mahali pengine, mniletee.

Lakini Mzee Nkwabi mwenyewe hakupenda niseme sana juu ya Wazungu. Miaka ya kudai uhuru, sisi vijana wa siasa tulipokuwa tunahutubia kutoka Tinde mpaka Ushirombo, alikuja mikutanoni, akakaa chini kwenye vumbi, mbele kabisa. Tulimletea kiti, akakisukuma. Tulipomaliza kupiga kelele zetu, alinyoosha mkono na kuuliza swali moja tu, kila mkutano: "Nyie mnaokwenda mjini, kiti mmemwachia nani?"

Tulimpigia makofi. Hatukumjibu. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo.

Maana mji aliupenda, wasikilizaji, msidhani aliuchukia. Mama Coletha anasema, "Baba alikuwa anatusimulia Dar es Salaam jioni mpaka tunasinzia. Mlango na taa yake, barafu, askari wa shaba. Akifika Kunduchi anakatiza. Anasema, basi, kuleni chakula." Kila mwaka mzee aliliosha lile bakuli, akalifunga tena. Uji haukuwahi kutiwa humo. Shimo la kilimani liliishiwa dhahabu mapema, likaachwa. Sasa lina maji, na ng'ombe wanakunywa.

Alizikwa Jumanne, shambani kwake, peke yake. Si kilimani. Hakuna kilima cha kumzikia. Watu waliuliza kigoda kiwekwe wapi. Mama Coletha akakipindua, miguu juu, akakiacha uani, na hakuna mrithi aliyekigusa. Kisha akaingia ndani, akatoka na bakuli. Fundi alikuwa bado anasawazisha saruji kichwani mwa kaburi. Mama Coletha akapiga magoti, akalipachika kwa mikono yake, akalibonyeza mpaka likashika.

"Alilinunua la babu," alituambia. "Babu hatujui alipo. Basi na limwonyeshe yeye."

Mama Coletha, wajukuu, ndugu wa Ihale na watoto wa Maganga, ambao nanyi mmelia, poleni sana. Mungu amlaze mzee wetu mahali pasipo na nyundo. Nasi tuliobaki, tunaopanda treni na mabasi kwenda kushangaa mji, tushangae, hakuna ubaya. Lakini kabla ya kufunga mzigo, kwanza tujibu lile swali alilouliza akiwa mavumbini.

Na ukipita njia ya Ushirombo ukaona kitu cheupe kinang'aa katikati ya mahindi, chenye maua ya buluu, vua kofia. Pana mtu.