Misumari Ishirini na Mitatu ya Mama Tadeo

Mchungaji, shemeji yangu Sedekia, wapwa zangu Tadeo na Minza, wazee wa ukoo mliotoka Usangu na Kilolo, majirani wa Mwanjelwa, na ninyi akina mama mliosimama kule nyuma na watoto mgongoni, mimi naitwa Maganga Limbu, mdogo wa mwisho wa marehemu, na nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yangu leo Jumamosi, tarehe 14 Oktoba, 1978, kabla hatujamsindikiza makaburini. Niseme mapema kwamba jana jioni kamati ya mazishi iliniomba niutoe ukurasa wa tatu kwa heshima ya wageni, nikajibu kwamba nitafikiria, nimefikiria, na ukurasa huo ninao hapa.

Mbuke binti Limbu alizaliwa tarehe 8 Juni, 1935, huko Nyalikungu, Maswa, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne wa mzee wetu Limbu Budeba na mama yetu Minza, ambao wote wawili wametangulia. Alianza shule ya misheni mwaka 1944, mwaka uliofuata akaingia darasa la pili, na mwaka huohuo akatolewa ili abaki nyumbani kumbeba mtoto mchanga wakati mama yuko shambani, na mtoto huyo mchanga ndiye mimi ninayewasomea. Kwa hiyo akitokea mtu hapa wa kusema kwamba dada yangu hakusoma, aseme na mimi, maana shule yake niliikalia mgongoni. Elimu hiyo aliifuata mwenyewe akiwa mtu mzima, katika madarasa ya jioni ya elimu ya watu wazima hapa Mwanjelwa, na katika mtihani wa Agosti, 1975, alifaulu kusoma na kuandika, akarudi nyumbani akachukua kipande cha mkaa, akaandika majina ukutani, na majina hayo nitayaeleza.

Mwaka 1955 baba yetu alihama na ng'ombe wake na sisi sote, tukaja kukaa katika bonde la Usangu, upande wa Rujewa, na ni huko barabarani ambako Mbuke alikutana na kijana wa Kihehe kutoka Kilolo, Sedekia Kalinga, aliyekuwa kibarua wa barabara, mpole, mwenye maneno machache kama mnavyomwona. Walifunga ndoa kanisani Iringa siku ya Jumamosi, tarehe 21 Septemba, 1957, baada ya baba kulalamika wiki nzima kwamba Wahehe hawajui kuhesabu ng'ombe, wakaenda kuishi kwa wakwe zake Kilolo, na Mungu akawajalia watoto watatu, Tadeo aliyezaliwa mwaka 1958, Jailos aliyezaliwa mwaka 1961, na Minza aliyezaliwa mwaka 1966.

Jailos hayuko pamoja nasi, na dada yangu hakupenda tumtaje haraka haraka, kwa hiyo nami sitaharakisha. Tarehe 11 Mei, 1964, mama yake alikuwa shambani kwenye njegere, akamwacha nyumbani chini ya uangalizi wa binti wa ndugu yao mwenye miaka saba, kama ambavyo kila mama pale Kilolo alifanya na kama ambavyo Mbuke mwenyewe aliachiwa mimi, na yule binti akatoka kidogo kuchota maji, na mtoto akaangukia motoni, akafariki siku ya pili yake akiwa na miaka mitatu. Watu walimchapa yule binti, Mbuke akaenda akamtoa mikononi mwao, akawaambia mbele ya wakwe zake wote, "Huyu naye ni mtoto, mnamchapa kwa kosa la watu wazima." Kuanzia siku ile hakuwahi tena kukubali kwamba mtoto aachwe kwa mtoto, na yote aliyoyafanya baadaye, mema na yale mliyoyaita ukaidi, yalitoka hapo.

Mwaka 1966 shemeji alihamishiwa Mbeya kikazi, wakapata nyumba hapa Mwanjelwa, vyumba viwili na uwanja, wakipakana na Bi Bibie Ahmadi, mwenyeji wa mji huu, mpika vitumbua, ambaye mwanzoni mwa mwaka 1969 alikuwa akienda sokoni alfajiri na kumwacha binti yake Mwantumu, mwenye miezi minane, kwa kaka yake wa miaka sita. Jumatatu ya tarehe 3 Machi mwaka huo, Mbuke alivuka uwanja, akamchukua Mwantumu, akamwambia Bibie, "Nenda kauze, lakini huyu anakaa kwangu, na wa kiume aende shule." Mtoto alilia mpaka saa tano, hataki uji, hataki mgongo, hataki wimbo, na dada yangu alipoishiwa ujanja akaingia kwa Bibie, akaitoa kwenye beseni kanga aliyolalia mama huyo usiku uliopita kabla haijaloweshwa, akamfunika nayo mtoto, na mtoto akanusa, akanyamaza, akalala.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake kwa miaka tisa na miezi saba. Kila mama aliyeleta mtoto ilimpasa aache na kanga aliyolala nayo, isiyofuliwa, na kanga hiyo ilitundikwa kwenye msumari wa mtoto huyo katika chumba cha mbele, na mama aliyeleta kanga safi iliyopigwa pasi alirudishwa nyumbani akabadilishe, hata kama lori la mizigo linamsubiri. Alianza na msumari mmoja, mpaka Jumanne iliyopita ilikuwa ishirini na mitatu, na baada ya mtihani ule wa 1975 kila msumari ukawa na jina juu yake kwa mkaa. Waliletwa watoto wa wauza ndizi kutoka Rungwe, wa wafagia ofisi, wa wake wa mafundi wa reli, Waislamu na Wakristo, Wasafwa, Wanyakyusa, Wabena, wakala uji wa ulezi kutoka sufuria moja, wakalala juu ya ngozi za ng'ombe wetu kwa sababu ya baridi ya Juni, na wazazi walitoa walichoweza, mzigo wa kuni, bakuli la maharage, na wengine hawakutoa kitu na hawakuulizwa.

Mimi nami nilikuwa miongoni mwa waliomtukana, na sikuja hapa kujificha. Mwaka 1970 nilipanda gari kutoka Usangu nikiwa na miaka ishirini na mitano na kichwa kikubwa, nikasimama mlangoni pake nikamwambia kwamba binti ya Limbu hawezi kuwa yaya wa mji mzima, anafuta makamasi ya watu asiowajua, na baba anaona aibu. Alinipakatisha mtoto mmoja aliyekuwa amelowa, akaenda kukoroga uji. Niliondoka bila kula. Mwaka 1974 mke wangu alilazwa hapa Mbeya miezi mitatu, na sikuwa na mtu wa kumwachia mwanangu Ngolo wa mwaka mmoja, nikarudi kwenye mlango uleule na mtoto kifuani na kanga ya mama yake begani, na dada yangu hakunikumbusha kitu, alinionyesha tu msumari wa tisa. Mke wangu alipona, yupo pale amekaa, na Ngolo yupo, na mimi tangu siku ile nina deni la maneno kwa mtu ambaye leo hawezi kuyasikia, ndiyo maana nayasema kwenu.

Sasa tumefika ukurasa wa tatu. Mbuke alikuwa na sheria moja tu kwa wakubwa, kwamba mkono uliomleta mtoto ndio utakaomchukua, au mkono ambao ule wa kwanza umeutaja asubuhi kwa sauti. Ijumaa ya tarehe 6 Agosti, 1976, saa nane mchana, alifika baba wa mtoto mmoja, ndugu afisa, akiwa na vijana wawili, akitaka kumchukua mwanawe ampeleke kwao, wakati mama wa mtoto, ambaye walikuwa wamegombana, yuko Chunya kuuza mchele na hajui lolote. Dada yangu alikaa kwenye kizingiti, mtoto mapajani, akamwambia, "Baba, mtoto huyu nimempokea kwa mama yake na kwa mama yake nitamrudisha, vuta kigoda usubiri, uji upo." Akaambiwa, "Wewe mama, unanijua mimi nani?" Akajibu, "Nakujua, wewe ni baba yake, ndiyo maana nimekupa kigoda." Walisukuma mlango hadi bawaba ya juu ikang'oka, yeye hakuinuka, na watoto wengine wote walikuwa nyuma yake, na Bibie alikuja na mwiko wa vitumbua akasimama kando yake, wakakaa hivyo mpaka saa kumi na mbili jioni lori la Chunya lilipoingia na mama akashuka amejaa vumbi. Bawaba ile hadi leo imefungwa kwa waya.

Baada ya hapo zikaja barua kutoka ofisi ya serikali. Ya kwanza, ya Februari, 1977, ilisema nyumba yake si kituo na yeye hana cheti, akaenda ofisini na akina mama sita kuomba aje mtu akague na amfundishe panapopungua, wakaambiwa mhusika hayupo, wakarudi mara nne, na mara zote nne mhusika hakuwepo. Ya pili ilisema kupokea kuni za watu kwa kuwatunzia watoto ni unyonyaji, naye akasema nimwandikie jibu kwamba katika nyumba ile wanyonyaji ni wale wachanga peke yao, nao wananyonya mama zao, na mimi nikaandika hivyohivyo. Ya tatu ni ya tarehe 25 Septemba mwaka huu, inayoamuru kazi hiyo ikome ifikapo Jumatatu tarehe 16 Oktoba, yaani keshokutwa, na misumari ing'olewe ukutani. Aliisoma mwenyewe, polepole, kidole kikifuata maneno, kisha akaikunja akaiweka chini ya mtungi ili mtungi usicheze, na hapo ndipo ilipo.

Kuhusu ugonjwa, marehemu aligunduliwa kuwa na shinikizo la damu mwezi Machi mwaka huu, akapewa dawa na akaambiwa apumzike, dawa alikunywa. Jumanne ya tarehe 10 Oktoba, saa sita mchana, akiwa anamlisha uji mtoto wa miezi kumi, alijisikia vibaya, na Bibie aliyekuwa naye anasema kwamba alimweka mtoto kwanza juu ya ngozi, akasogeza kikombe cha moto mbali naye, ndipo akaanguka. Alipelekwa hospitali, akalazwa siku mbili, na maneno yake ya mwisho tuliyoyaelewa yalikuwa swali, kwamba watoto wako na nani, nikamjibu wako na Bibie, akafumba macho, na alifariki dunia Alhamisi tarehe 12 Oktoba, 1978, saa kumi jioni, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitatu. Ameacha mume, watoto wawili, ndugu watatu, na hao ishirini na watatu ambao baadhi yao mnawasikia wakilia hapa kwa sababu hawajui kwa nini hatuimbi nyimbo zao.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliopigana siku zile mbili bila kutuchoka, namshukuru Mchungaji na waumini, wafanyakazi wenzake shemeji wa barabarani waliochonga jeneza kwa mikono yao, majirani waliotoa vyumba na sufuria, akina mama wa sokoni ambao tangu juzi hawajafungua meza zao, na zaidi ya wote Bi Bibie Ahmadi, ambaye nikisema ni jirani nitakuwa nimemtukana. Nakushukuru na wewe, ndugu afisa, uliyekaa mstari wa pili, umekuja kuzika na umeleta gunia la mchele, hilo ni jambo la kiungwana, mchele utapikwa leo na utaliwa, na mwanao aliyekaa mbele na mama yake atakula pia. Lakini gunia halifungi mlango.

Jambo la mwisho ni la wazee wa ukoo. Mlinielekeza kwamba nguo zote za marehemu zifuliwe, zifungwe, zikae mpaka siku ya kugawa, nami nimefunga zote isipokuwa moja. Kanga aliyolala nayo usiku wa Jumatatu, kabla hajaanguka, haijafuliwa na haitafuliwa, nimeitundika leo asubuhi kwenye msumari wa ishirini na nne, ambao nimeupigilia mwenyewe, kwa sababu wapo watoto mle ndani waliozoea kusinzia mgongoni pake, na Jumatatu watamtafuta. Tarehe 16, saa kumi na mbili asubuhi, mlango ule wenye waya utafunguliwa, Bibie atakuwepo na mke wangu atakuwepo, mimi nitakaa kizingitini, na anayetaka kung'oa misumari aje, vigoda vipo.

Lala, dada Mbuke, upumzike, leo ni zamu yetu kukaa na watoto.