Matoka Niliyoyang'oa kwa Mkono Wangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu wa hapa Gitothua! Asifiwe tena, maana magoti yangu ni ya zamani, nikiketi sitasimama upesi. Nisikilizeni nikiwa bado wima.

Miaka ya hamsini nilikuwa mjane kijana. Mume wangu alifariki akiwa kibarua kwenye kahawa hapa Ruiru, akaniachia watoto watatu na shamba kwetu, kwenye mtelemko juu ya Thika. Mpaka wetu na shemeji yangu Kariuki, ndugu wa mume wangu, ulikuwa mstari wa matoka, yale maua ambayo wazee walipanda mipakani na hakuna aliyeyagusa. Nalikumbuka shamba lile mpaka leo! Asubuhi majani yana umande, na mke wa Kariuki ananiitia moto ng'ambo ya matoka, nami nampelekea kaa kwenye kigae. Ujirani ule siuoni tena.

Kisha nikaokoka. Ndugu zangu, niliokoka kwa bidii kuliko akili! Niliposikia kwamba matoka yalipandwa kwa matambiko, nikashika jembe nikayang'oa yote, huku nikiimba.

Kiangazi kile kile, serikali ikaja kupima mashamba na kuandika majina ya wenyewe. Kariuki akasema lote ni lake, mimi ni mtu wa kuolewa tu, nirudi kwa baba yangu. Mpaka uko wapi? Sikuwa na la kuonyesha. Tukaitwa kwenye korti ya wazee. Nikishindwa, mimi na watoto hatuna pa kulala.

Majirani walinihurumia. Wakanishauri niseme Kariuki ndiye aliyeng'oa, nao watakuwa mashahidi. Nilikubali, nawaambia kweli. Lakini nilipoishika Biblia, ulimi ulikataa.

"Wazee wangu," nikasema, "matoka niliyang'oa mimi, kwa mkono huu."

Watu wakacheka. Kariuki akacheka pia. Nikalia pale pale, nikijua nimewanyang'anya wanangu shamba kwa mdomo wangu.

Mzee mkubwa wa korti hakucheka. Aliniuliza nilichimba kina gani. Nikamwonyesha, kama kiganja hivi. Akawageukia wenzake.

"Itoka lina kitunguu chake chini kabisa," akasema. "Kesi hii ingoje mvua."

Ndugu zangu, sijawahi kuomba mvua namna ile! Ilipokuja, wazee wakapanda mlima na fimbo zao. Mstari wa kijani ulikuwa umesimama, kutoka mtoni hadi njiani. Kariuki aliufuata kwa miguu mpaka mwisho. Korti ikaamua shamba ni langu na wanangu, nikaandikwa.

Wiki nzima nyumba mbili zilinuniana. Halafu asubuhi moja nikasikia mke wa Kariuki ananiitia moto. Nilikimbia na kile kigae mpaka nikajiunguza.

Kariuki na mkewe wote wawili wameshazikwa. Siku hizi mna katiba inayomlinda mjane, mna hati na mawakili, na mimi namshukuru Mungu kwa hayo yote. Lakini kama kuna mtu hapa ana kesi, na anaogopa ukweli wake mwenyewe kuliko adui yake, aje mbele nimshike mkono tuombe. Mwamini Mungu, mwanangu. Mimi niling'oa mpaka wangu, na yeye alikuwa ameuweka chini, mahali jembe langu halikufika.