Kanze wa Kambi, Aliyekuwa Akienda "Hapo Tu"

Mchungaji, wazee wangu, na nyinyi nyote mlioacha kazi zenu mkaja, mimi ni Priscilla, dada yake Kambi, wifi wa marehemu, familia imenipa niyasome maisha yake na ikaniomba nisitie chumvi, nitajaribu.

Kanze alizaliwa tarehe 4 Aprili 1962 huko Kakuyuni, akasoma hapo hapo hadi darasa la saba, baba yake akaona yatosha, akalima mihogo, na tarehe 12 Disemba 1981 akaolewa na ndugu yangu Kambi hapa Kibarani, akiwa mzuri kuliko ndugu yangu alivyostahili, mwenyewe yuko pale na akanushe, wakajaaliwa Nzai na Easter, naye akapika jikoni mwa shule miaka mingi bila kuunguza sufuria.

Mwaka 2022 figo zikaanza kumsumbua, akamwambia Easter peke yake, na ili asijulikane akachagua kwenda kusafishwa damu Malindi, kila Jumanne na Ijumaa, amejifunga leso mpya, amejipaka wanja machoni, hata wengine, siwataji maana mko mstari wa tatu, mkasema ana bwana huko.

Jumanne tarehe 12 Machi 2024 akaja binti mmoja, Lynn, mwenye adabu zake, ametumwa na wataalamu wanaochunguza mienendo ya watu wa mjini na kubashiri watakwenda wapi miaka ijayo, ili magari yapangiwe pa kusimama, akatukuta barazani, akauliza mmoja mmoja, "Mama, leo unakwenda wapi?" Sasa sisi tuliolelewa, ukiulizwa hivyo humwagi ya tumboni mwako, unasema "hapo tu," yakaisha, basi sote tukasema hapo tu, na Kanze, mkoba wa Malindi uko kwapani, akasema kwa sauti kutushinda sote.

Lynn akaandika, mashine yao ikapiga hesabu, ikasema watu wa Kibarani hawaendi mbali, na Januari 2025 kituo chetu kikaondolewa, magari yakaamriwa kusimama mbali kule kwenye maduka mapya, na Easter alipokwenda kulalamika akaambiwa, "Mama zenu wenyewe ndio waliosema," akasema mamake ni mgonjwa, wakatazama kwenye hesabu za mashine yao, wakamjibu, "Mgonjwa huyo mbona hayumo?"

Kanze akaifuata hiyo njia na jua lake, mguu umevimba, kisha akaanza kuruka Ijumaa, tukimuuliza anasema yu mzima, na Jumanne tarehe 9 Septemba 2025 akaanguka kabla hajakifikia kituo, akafariki kesho yake alfajiri, na hapo ndipo mstari wa tatu mlipojua bwana wa Malindi alikuwa nani.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliombeba, na wenzake wa jikoni mliopika leo, na wataalamu nao wametuma shada, tumelipokea, liko pale chini.

Wamesema watarudi kuuliza tena, basi safari hii tajeni hospitali, tajeni figo, mwenye hawara naye amtaje, haya zetu zimetuua. Na Mzee Ochola, jirani yetu, ameniruhusu niseme kuwa naye husafishwa damu Malindi, zamu yake ni Jumanne, na kutembea hawezi, kwa hiyo wenye magari msijifanye mnatazama simu, namtaka mmoja ainue mkono kabla hatujamshusha Kanze.

Wifi yangu, pumzisha miguu, lala kwa amani, mimi bado nangoja mkono.