Paa la Darasa Ambalo Gongagonga Hakulipanda

Ndugu waombolezaji, mlioketi na mliosimama, familia inaomba utulivu mpaka mwisho, maana historia hii ina sehemu ambayo kila mwenye mtoto shuleni lazima aisikie leo.

Kaka yetu, ambaye wengi mnamjua kwa jina la Gongagonga, alizaliwa tarehe 3 Machi 1961, mtoto wa pili kati ya watano wa baba yetu mlinzi wa bohari na mama yetu mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko la mbao, akaanza shule ya msingi mwaka 1968, akamaliza mwaka 1974, na hapo ndipo masomo yake yalipokomea, kwa kuwa baba aliugua na yeye akahitajika nyumbani.

Ufundi aliuokota juu ya mapaa ya watu, kwa kutazama na kwa kukosea, mpaka Julai 1989 alipofungua karakana yake ya kuezeka, na tangu hapo kila dhoruba ilipopita wenye nyumba walimwita yeye kwanza, awabadilishie paa na awaandikie ripoti ya uharibifu ya kupeleka kwenye kampuni ya bima. Jina la Gongagonga alilipata kwa kupanda darini na kugonga kila ubao kwa mpini wa nyundo, akitega sikio, hata wenye nyumba wakamuuliza kama amekuja kuezeka au kupiga ngoma. Aliogopa kupanda juu, wala hakuficha, na fundi aliyekuja kuomba kazi akijisifu kuwa haogopi kitu alijibiwa, "Basi kaombe kwingine, ndugu yangu, hapa tunataka waoga."

Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na shemeji yetu, mwalimu wa darasa la awali, wakajaliwa watoto watatu, ambao sasa ni nesi, dereva na seremala, na wajukuu wanne.

Mwezi Machi mwaka huu wa 2023 alianza kupata kizunguzungu, akakificha. Alhamisi ya tarehe 20 Aprili dhoruba iling'oa mabati ya darasa analofundisha shemeji, na tarehe 26 mwalimu mkuu akamwita akague. Aliegemeza ngazi, akapanda vipago vitatu, dunia ikamzunguka, akashuka, akakaa kwenye dawati la watoto, na kwa mkono wake akaandika kwamba mbao zote ni nzima, yabadilishwe mabati tu. Kampuni ya bima ikaridhia mabati tu, kama alivyoandika, na mabati mapya yakapigiliwa juu ya mbao zilizokuwa nzima kwa nje, ambazo hakuna aliyezigonga.

Kuanzia siku hiyo hakupata raha. Upepo ukivuma kidogo tu aliacha chai mezani, akaenda kusimama kwenye uzio wa shule akikodolea macho paa mpaka kengele ya kutoka ilipolia, na walimu wakamtania shemeji kuwa mzee amerudia uchumba, naye shemeji akacheka, hakujua kuwa mumewe anatetemeka kwa ajili yake na watoto thelathini na wanane.

Septemba alilazwa, wakakuta uvimbe kichwani, na Jumanne ya tarehe 10 Oktoba akatuita wawili, shemeji pamoja na mimi, mdogo wake na fundi mwenzake, ninayewasomea, akasema, "Sikupanda. Niliogopa aibu kuliko nilivyoogopa ngazi. Waambieni watu."

Kesho yake nilipanda. Kati ya kenchi tisa zinazobeba paa lile, nne zimeliwa na mchwa kwa ndani, bisibisi inazama mpaka mpini. Nikamwendea mwalimu mkuu, akanitolea ripoti yenye sahihi ya kaka, na mjumbe mmoja wa kamati, ambaye namwona pale nyuma, akasema, "Huyu anatafuta kazi tu, kaka yake hajafa keshaanza kumharibia jina." Kaka alikuwa aandike barua ya kuifuta ripoti ile, lakini mkono ulishakataa, na Jumamosi ya tarehe 14 Oktoba, saa nne asubuhi, akafariki.

Leo ni Jumanne. Darasa, lililofungwa kwa ajili ya msiba huu, linafunguliwa kesho, na mawingu mnayaona wenyewe. Nasema mbele ya jeneza lake, na mjane wake ni shahidi, ripoti ile si ya kweli. Kazi ya paa hilo siitaki, mpeni fundi yeyote mnayemwamini, hata adui yangu, ila apande, na mpaka apande, asiingie mtoto. Shemeji ameniambia, "Soma yote, usinihurumie. Usiposoma nitasimama mimi."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliotubeba, mafundi wenzake waliofunga kazi kuja kumzika, na walimu, ambao tunawaomba msamaha.

Kaka, pumzika kwa amani kama utaweza. Sisi tunatoka hapa makaburini moja kwa moja kwenda kufunga lile darasa.