Kunguru Anaondoka, na Jumatatu Toleo Jipya Linaingia

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika hospitali yetu, Fundi Kunguru wa kitengo cha kompyuta anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Jumatatu inayofuata, toleo jipya la programu ya benki ya damu linaingia, na safari hii yeye hayupo. Mwandishi wa wasifu huu ndiye anayerithi meza yake, funguo zake na kiti chake kilichoinama upande mmoja. Mtamsamehe basi mkikuta pongezi hizi zinatetemeka kidogo.

Aliajiriwa kama fundi wa taipureta. Kompyuta zilipokuja, wenzake walizikimbilia. Yeye alizisogelea kama mtu anayesogelea mbwa asiyemjua. Jina la Kunguru alipewa na dada wa maabara, maana kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na mwoga kama huyu hatujapata kumwona. Hakukasirika. Alisema limemkaa, na siku hizi lake la kuzaliwa hata mhasibu analitafuta.

Kazi yake kubwa ilikuwa kuweka matoleo mapya ya programu kwenye kompyuta zetu. Kwa wengi hiyo ni kazi ya kubonyeza tu: unafungua kisakinishi, ile programu ndogo inayoweka nyingine, unabonyeza Endelea, Endelea, Maliza, halafu unakwenda kunywa chai. Kunguru alituharibia hiyo chai. Alitufundisha kwamba kisakinishi hufuta kwanza toleo la zamani ndipo kiweke jipya, na baina ya hayo mawili kuna kitambo ambacho kompyuta haina hili wala lile. Umeshahama nyumba, na ufunguo wa nyumba mpya unagoma kitasani. Kitambo hicho alikiita Katikati, na hakuna siku aliyokitaja kwa sauti kubwa.

Kwa kuogopa Katikati, alimweka Babu. Babu ni kompyuta kuukuu iliyofunikwa kitambaa cha maua kwenye kona ya benki ya damu. Kila toleo jipya lilipofika, Kunguru alinakili kumbukumbu zote ndani ya Babu, aliyebaki na toleo la zamani, akachomoa waya wa mtandao kisakinishi kisimfikie, akapiga marufuku mtu yeyote kumgusa mpaka jipya lizoeleke. Mtunza stoo alimwandama miaka yote atupe hiyo takataka. Mke wa Kunguru, shemeji yetu, anasema hata nyumbani jiko jipya liliponunuliwa, la zamani lilikaa kando wiki nzima, lisije jipya likagoma watoto wakalala njaa. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Tuliacha kucheka asubuhi moja. Toleo lilikuwa limejaribiwa, na waliolitengeneza waliapa kwamba halina neno. Kisakinishi kikafuta la zamani kwenye kompyuta zote za benki ya damu, kikafika nusu, kikasimama. Mbele hakiendi, nyuma hakirudi. Simu ikalia: mkunga anauliza tunangoja nini, kuna mama ametoka kujifungua na damu haisimami. Kundi lake tulilijua. Lakini mama yule aliwahi kuongezewa damu ya kundi lake hilo hilo ikamdhuru, na onyo la ipi asipewe lilikuwa ndani ya programu ambayo sasa haikuwepo. Mumewe alisimama dirishani na mkoba wa nguo za mtoto, akiuliza, kwa adabu kabisa, kama bado kidogo. Jamani, hofu ile msiombe iwafike.

Kunguru alivuta kitambaa. Mikono ilimtetemeka hata kitufe cha kuwasha akakikosa. Babu akakoroma, kioo kikabaki cheusi, cheusi tu, na dada wa maabara akaanza kumwomba Mungu kwa sauti. Kisha kumbukumbu zikafunguka. Onyo likasomwa, mfuko unaofaa ukatolewa kwenye friji, ukakimbizwa. Mama akapona, na mtoto wake siku hizi anasumbua walimu. Kunguru alikwenda kukaa kwenye ngazi za nyuma, akalia, wala hakujificha.

Uongozi ulimpa cheti cha ujasiri. Alikirudisha, akaomba kisahihishwe.

Sasa tuseme la mwandishi. Wenzake humwita Endelea, kwa wepesi wa kidole chake. Wiki hii yote Kunguru amemkabidhi kila kitu isipokuwa funguo; akiulizwa kumebaki nini, anasema bado, bado kidogo. Jana, bila kutumwa na mtu, Endelea aliingia benki ya damu kufanya majaribio ya Jumatatu. Alimfunua Babu, akanakili kumbukumbu, akashika waya wa mtandao auchomoe. Waya ukamponyoka mara mbili, kwa sababu alikuwa akimwona yule mume dirishani na mkoba wake. Alipogeuka, Kunguru yuko mlangoni. Hakuitazama kompyuta. Aliitazama ile mikono inayotetemeka, akaweka funguo mezani, akaenda kunywa chai.

Asante, Fundi. Maisha yako ya mbele yawe mema, usingizi uwe mzito, na jiko la shemeji lisigome kamwe. Jumatatu usipige simu kuuliza. Tutaogopa wenyewe.