Mlango Unaongoja Hukumu: Maisha ya Mzee Bawaba

Ndugu, jamaa na majirani, huyu ndiye tunayemlaza leo.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Mzee Bawaba, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa pili wa mshona viatu. Mama yake alisimulia kwamba kabla hajaota meno alitambaa hadi mlangoni na kuufungua na kuufunga kutwa nzima, mpaka baba akasema, "Huyu atakuwa mlinzi ama mwizi."

Akawa fundi. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1966, akafuzu useremala katika chuo cha ufundi Desemba 1969, wa kwanza darasani. Cheti kiko ukutani sebuleni, asiyeamini akakisome.

Alifanya kazi karakana ya serikali miaka kumi na miwili. Mwaka 1982 alifungua karakana yake nyuma ya nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Alitengeneza milango tu. Aliyetaka meza aliambiwa, "Nenda kwa wanaojua miguu." Bawaba za nyumbani kwake hakuzitia mafuta. Alisema mlango bubu humfaa mwizi.

Tarehe 21 Agosti 1976 alimwoa mwalimu wa sekondari, aliyekuwa amefika karakana ya serikali kulalamika.

"Fundi, mlango wa darasa langu unalia."

"Haulii, Mwalimu. Unakuita."

Tangu hapo hakumwita kwa jina jingine.

Tarehe 11 Juni 2019 mtu mmoja alifika nyumbani na vibarua wa kubomoa, mkononi ana hati ya mauzo yenye sahihi ya marehemu. Tarehe ya hati ilikuwa 6 Mei, siku ambayo marehemu alikuwa amelazwa hospitalini, mkono wa kulia umo kwenye plasta. Aliitazama ile sahihi kwa huzuni ya fundi aliyeona kazi mbovu. "Hata kuiga hajui," alisema. Familia haitamtaja mtu hapa, kwa kuwa kesi ingali mahakamani. Anayejijua anajijua.

Hata hivyo maneno yalienea: kauza kisirisiri, sasa anajitia kaibiwa. Hayo ndiyo yaliyomnyima usingizi. Nyumba hujengwa tena; jina halina matofali.

Alifungua kesi ya kughushi, akaomba zuio la muda, ili nyumba isiuzwe, isibomolewe wala kubadilishwa hadi ukweli ujulikane. Hakimu alimuuliza atapata hasara gani ambayo fedha haiwezi kuifidia.

"Mheshimiwa," alijibu, "nikilala nimefumba macho, najua kwa sauti ya mlango ni nani ameingia. Mke wangu namjua. Kitinda mimba wangu namjua. Nikipewa nyumba nyingine nitakuwa kipofu."

Zuio lilitolewa tarehe 2 Julai 2019: kila kitu kibaki kama kilivyo.

Siku mbili kabla ya hapo alikuwa ameung'oa mlango wa chumba chake, aupige randa kwa chini, maana ulikuwa unakwaruza sakafu. Ulikuwa umeegemezwa karakanani. Akakataa kuurudisha.

Wakili wake alicheka. "Mzee wangu, hakimu hakuwa na maana ya mlango wa chumbani!"

"Amri inasema kama kilivyo. Siku ile haukuwapo. Nikiugusa, watasema tumeanza sisi."

Mkewe akamuuliza, "Baba Watoto, tutalala na pazia mpaka lini?"

"Mpaka hukumu, Mwalimu."

Wakalala na pazia miaka minne na miezi saba. Pazia halina sauti.

Figo zilianza kumsumbua Oktoba 2022. Alivumilia, na hakukosa mahakamani hata siku moja, shati limepigwa pasi, ingawa mara nyingi kesi iliahirishwa. Ijumaa tarehe 9 Februari 2024, saa tisa alasiri, mkewe alitoka kumletea maji. Aliporudi, marehemu alikuwa amefumba macho, na pazia halikumwambia ni nani ameingia.

Wapo waliouliza kwa nini hatumziki nyuma ya karakana yake, alikotamani kulala. Alikataa mwenyewe, wiki mbili kabla ya kufariki. "Kaburi ni badiliko," alisema. "Mkinizika pale, watasema mmeshinda kesi kwa maiti. Nipelekeni makaburi ya wote." Kwa hiyo tuko hapa, na atakayesema huyu aliuza nyumba kwa siri alitazame kaburi hili kwanza.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba na mdogo wake mmoja. Binti yake mkubwa ataendelea na kesi. Zuio bado lina nguvu, na mlango bado umeegemea pale alipouacha. Siku ya hukumu utarudishwa mahali pake, bila tone la mafuta, na Mwalimu ataufungua aingie.

Alale kwa utulivu, Mzee Bawaba. Mlango ule utakapolia, atajua ni nani.