Pikapu ya Bwana Rugemalira na Safari ya Magu

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, Bwana Osward Rugemalira anakabidhi funguo za chumba cha mitambo cha Kiwanda cha Barafu cha Mwamba Ziwa, baada ya kututumikia miaka thelathini na minne. Kazi ya kuandika wasifu wake imeniangukia mimi wa Ofisi ya Mauzo, nadhani kwa sababu nina mdomo.

Rasimu ya kwanza niliyompelekea ilikuwa tamu kama keki ya harusi. Aliisoma akiwa amesimama, akanirudishia. "Rebeka mwanangu, hapa hamna Magu," akasema. "Kama huandiki ya Magu, bora siku hiyo waimbe kwaya tu." Habari ya Magu si yake peke yake, kwa hiyo nilikwenda kwanza kuomba ruhusa kwa fundi Maige. Maige alinijibu akiwa ameinamia pampu: "Andika. Ila usipunguze." Basi, ndugu wafanyakazi, sijapunguza.

Bwana Rugemalira alizaliwa Muleba, akasomea ufundi mitambo, akaajiriwa hapa mwaka 1991 akiwa kijana mwembamba mwenye suti moja na Kiingereza kingi. Wavuvi na wachuuzi wa soko la Mwaloni hapa Mwanza hawamjui kwa jina, lakini kila aliyewahi kufikisha sangara sokoni akiwa bado mbichi ana deni la shukrani kwake. Katika miaka ya mgao wa umeme, viwanda vingine vilipouza maji, sisi tuliuza barafu. Kompresa ikigoma, aliisemesha Kiingereza. Ikiendelea kugoma, aliisemesha Kihaya, na hapo sisi wengine tulitoka nje.

Alifundisha mafundi wengi, na wa kwanza wao ni Maige. Maige alitoka Magu na cheti cha kidato cha nne na viatu vya kuazima. Bwana Rugemalira alimfundisha kuchomelea, alimfundisha kunusa amonia inayovuja kabla haijaua mtu, na alipotaka kuoa, yeye ndiye aliyekuwa mshenga wake. Mama mzazi wa Maige alimwita "mwanangu wa Bukoba", na kila msimu alimtumia michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, furushi zima. Wahaya wanajulikana kwa ndizi, lakini huyu wetu alikula michembe ofisini bila kuona haya.

Sasa tuje kwenye pikapu.

Miaka minne iliyopita Bwana Rugemalira alinunua pikapu ya kifahari, nyeusi, milango minne, iliyotumika kidogo huko Uarabuni. Siku ilipofika alitutoa sote nje tukaione. Ukifungua mlango, ngazi inashuka yenyewe, na sauti ya mwanamke inasema maneno ya Kiarabu ambayo mpaka leo hakuna ajuaye maana yake. Mwenye gari alimjibu yule mwanamke "marahaba" kila asubuhi, kwa uso mkavu kabisa.

Jinsi alivyoitunza ilikuwa burudani yetu ya kila siku. Nailoni za viti hazikutolewa, kwa hiyo ukipanda siku ya jua unashuka ukiwa umelowa mgongo mzima. Breki yake ya kuegeshea inajifunga kwa kubonyeza kitufe, lakini kwa kuwa anakaa mlimani Nyegezi, na hakuna Mhaya anayekabidhi mali yake kwa kitufe, aliweka jiwe nyuma ya gurudumu. Jiwe lenyewe alilipaka rangi nyeusi lifanane na gari. Chini ya mti hakuegesha hata jua likiwaka vipi, maana makorongo wa Mwanza wakikushushia kinyesi bonetini, rangi inababuka. Vijidudu vya ziwani vilipopanda kama moshi na kuziba rejeta, alivitoa kimoja kimoja kwa brashi ya meno. Oili iliagizwa Dar es Salaam. Dagaa hawakuruhusiwa kuisogelea.

Kubwa kuliko yote lilikuwa bodi la nyuma. Lilitandikwa zulia. Juu yake kulikuwa na mfuniko wa umeme unaofunguka polepole huku ukilia kama mtu anayeguna. Tulimtania sana. Tulimwuliza kama hilo ni bodi au sebule, naye alicheka kuliko sisi. Katika miaka yote hiyo hatukuona mzigo hata mmoja ukiingia humo.

Kila aliyefanya kazi hapa anajua desturi yetu ya kufa na kuzikana. Mwenzetu akifiwa, mwenye pikapu ndiye anayembeba marehemu. Haombwi, wala halipwi. Anatoa tu gari, anafunga kitambaa cheupe mbele, anatangulia, na sisi wengine tunafuata kwa basi. Pikapu za wenzetu wengi, hata zile zinazosukumwa ziwake, zimebeba wazazi wetu mpaka Sengerema na Kwimba.

Septemba iliyopita mama yake Maige alifariki. Ilieleweka kabla mtu hajafungua mdomo kwamba mama huyo atabebwa na mwanawe wa Bukoba. Nilikuwepo Bwana Rugemalira alipouliza habari za njia. Aliambiwa ni lami mpaka Magu mjini, kisha barabara ya vumbi, na mwishoni kichaka cha miiba kidogo. Akarudia, "Miiba?" Kesho yake akatuambia taa ya injini imewaka, gari liko kwa fundi, haliwezi kusogea.

Tuliamini. Maige aliamini kuliko sisi, hata akampa pole ya gari. Marehemu akapakiwa kwenye lori la kiwanda, lile linalopeleka barafu Mwaloni. Tulilisugua bodi lake kwa sabuni na ndimu, lakini harufu ya samaki ya miaka yote hiyo haitoki kwa ndimu. Mama wa watu akasafiri nayo kwenda kuzikwa, na Maige amekaa pembeni ya jeneza, maji ya barafu yakimlowesha suruali. Bwana Rugemalira alipanda basi pamoja nasi, kiti cha mbele, akaongoza nyimbo.

Wazee walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii haikumaliza hata mazishi. Padri alikuwa ameanza sala za kaburini tuliposikia gari. Pikapu nyeusi ikapenya kwenye ile miiba, ikajikwaruza ubavu wote, ikasimama. Ngazi ikashuka. Mwanamke wa Kiarabu akatoa salamu zake mbele ya kaburi lililo wazi. Akashuka mke wa Bwana Rugemalira, Mama Precious, pamoja na kina mama wawili wa jumuiya yake ya Nyegezi. Yeye aliambiwa tu kwamba mumewe anaona heri kusafiri na wenzake, na hakuona sababu ya gari zima kulala nyumbani wakati msibani hakuna ndizi.

"Poleni sana jamani," akasema. "Tumechelewa kupakia, lakini gari halina neno, njia nzuri tu." Akabonyeza kitufe. Mfuniko ukaanza kufunguka, polepole, ukiguna, na hakuna aliyeweza kuuharakisha. Ndani mlikuwa na mikungu ya ndizi, masufuria na kuni, vimelazwa juu ya zulia. Katikati palibaki nafasi. Sote tuliiangalia ile nafasi, na sote tuliipima kwa macho.

Maige aliondoka kaburini, akaenda kupokea mkungu wa kwanza kwa mikono miwili. "Asante mama. Karibu msibani." Hakumtazama mshenga wake. Bwana Rugemalira alikuwa ameshika kofia yake kifuani, akitazama viatu. Nimewahi kumwona akikemewa na mkurugenzi mbele ya watu, lakini sijawahi kumwona akiwa mdogo kama siku ile. Mimi niliona aibu mpaka nikajificha nyuma ya mti wa watu, na gari halikuwa langu.

Kuanzia hapo tukaacha kumtania. Hakuna aliyepanga, utani uliisha wenyewe. Maige aliendelea kumwita mzee na kufanya kila alichoagizwa, ila hakukaa naye tena kunywa chai. Bwana Rugemalira alikwenda nyumbani kwake kuomba radhi, akapokelewa kwa heshima, akapewa soda, akasindikizwa mpaka barabarani. Jibu hakupewa.

Februari Getruda, mama yetu wa usafi, alifiwa na mumewe. Kabla hatujakaa kikao, pikapu nyeusi ilikuwa imeshafika mlangoni kwake Butimba. Mfuniko ameung'oa, zulia ametoa, kitambaa cheupe amekifunga mwenyewe. Maige, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya mazishi, alimsogelea dirishani na kumwambia kwa upole, "Mzee, tumeshapata gari." Wala hakuwa anadanganya. Basi Bwana Rugemalira akafuata msafara kwa nyuma, taa zimewashwa, bodi tupu, mpaka kaburini na kurudi. Basi letu lilijaa watu wamesimama, na hakuna aliyeshuka kwenda kupanda kwake. Hata mimi sikushuka. Aibu ya siku ile ni yetu, na naiandika hapa kwa sababu mwenye sherehe hakuitaja.

Mwezi uliopita kamati ya sherehe ilimwuliza anataka zawadi gani ya kustaafu. Watu husema friji, au seti ya masofa. Yeye alisema anarudi Muleba, lakini Muleba si mwisho wa dunia, na anaomba jambo moja: tukifiwa, tusiache kumpigia simu. Ukumbini watu wakamgeukia Maige. Maige akasimama, akamgeukia mzee wake, na kwa mara ya kwanza tangu Magu akamtazama usoni.

"Mama bado hajajengewa kaburi," akasema. "Saruji ninayo, mchanga ninao. Kokoto ziko Buhongwa. Zina ncha kali, mzee, zitakula bodi lote."

"Jumamosi?" akauliza Bwana Rugemalira.

"Jumamosi, baada ya sherehe. Uje na koleo lako."

Maige hakusema kwamba amesamehe, nami sitasema kwa niaba yake. Ninachojua ni kwamba kesho, wageni wengine wakiwa bado wamelala kwa uchovu wa pilau la leo, wawili hao watakuwa njiani kuelekea Magu.

Bwana Rugemalira, asante kwa barafu, asante kwa mafundi uliotulelea, na asante kwa kutokubali tukuandike ukiwa msafi kuliko ulivyo. Mungu akujalie uzee wa amani huko Muleba, wewe na Mama Precious. Simu tutapiga. Ukifika kwa mama, mpe na pole zetu kwa ile safari ya lori la barafu.

Rebeka Mashimba
Ofisi ya Mauzo